Ukimfungia Jirani Bomba, Unamfundisha Njia Nyingine

Kila tarehe 14 ya mwezi Wakenya huwa na mazungumzo mamoja tu. EPRA wametangaza bei, petroli imepanda ama imeshuka kwa shilingi moja, watu wanalalamika, wengine wanatengeneza vichekesho, halafu tarehe 15 maisha yanaendelea. Leo sitaki tuongee bei. Nataka tuongee njia. Hayo mafuta yalifikaje kwenye pampu, ni nani mwingine anayategemea, na huwa nini siku ile njia inafungwa.

Kwa sababu ukiangalia vizuri, historia ya mafuta huku kwetu haijakuwa historia ya visima. Visima vyetu vimegunduliwa juzi tu. Kwa miaka sitini imekuwa historia ya meli, matangi, reli, malori na bomba. Na kuna somo moja linajirudia humo mpaka linachosha: ukimfungia jirani mafuta, hata kwa wiki chache, hata kama hukukusudia, ataanza kutafuta njia nyingine. Inaweza kumchukua miaka mitatu, inaweza kumchukua arobaini. Lakini haachi kutafuta.

Sisi Wakenya tumezoea kujiona ndio wenye bomba. Hebu nikupitishe kwenye hiyo historia, uone kwa nini mimi ina wasiwasi mwingi kwangu kuliko fahari.

Bomba lenyewe

Kwanza tuelewane. Kiwanda cha kusafisha mafuta pale Changamwe, Mombasa, kilianza kazi 1963. Meli ilileta mafuta ghafi, kiwanda kikatoa petroli, dizeli na mafuta ya taa, halafu reli na malori yakapeleka bara. Mwaka wa 1978 likaja bomba la Mombasa hadi Nairobi, kilomita 450. Mwaka wa 1994 likaongezwa hadi Eldoret na Kisumu. Kiwanda cha Changamwe kiliacha kusafisha mafuta 2013, kwa hivyo siku hizi tunaleta mafuta yakiwa tayari yamesafishwa, mengi yakitoka Ghuba, yanashushwa Kipevu na kuingia kwenye bomba.

Sasa, bomba linaishia Eldoret na Kisumu, lakini mafuta hayaishii hapo. Malori yanayachukua kwenda Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki mwa Kongo. Uganda peke yake hupitisha zaidi ya asilimia 90 ya mafuta yake kwetu. Yaani nduthi ya Kampala na nduthi ya Kawangware zinakunywa kutoka meli moja.

Wataalamu huita hii mnyororo wa ugavi. Na mnyororo una tabia moja: pete moja ikikatika, haijalishi zingine ni nzito namna gani. Vita Ghuba, dola zikikosekana benki, uchaguzi ukiharibika, daraja likibebwa na mafuriko, yoyote kati ya hayo inatosha. Hakuna mtu anaweza kukuambia ni gani itafuata. Kwa hivyo swali la maana si "itakatika?" Swali ni "ikikatika, nina nini mkononi?" Na majibu, historia nzima, yamekuwa matatu tu: akiba, njia ya pili, ama mtu unayemwamini.

Zambia, 1965

Mfano mzuri kabisa hauko Kenya. Uko Zambia.

Zambia ilipata uhuru Oktoba 1964. Shaba yake ilitoka na mafuta yake yakaingia kupitia Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe. Mafuta yalishuka bandari ya Beira, Msumbiji, yakapita kwenye bomba hadi kiwanda cha Umtali, mji ambao sasa ni Mutare, halafu yakapanda treni kwenda kaskazini. Ilikuwa njia rahisi na ya bei nafuu. Tatizo ni kwamba ilikuwa njia moja.

Tarehe 11 Novemba 1965, serikali ya walowezi ya Ian Smith ikajitangazia uhuru bila idhini ya Uingereza. Desemba, Uingereza ikaiwekea Rhodesia vikwazo vya mafuta. Rhodesia nayo ikageuka ikaifungia Zambia. Nchi iliyokuwa na mwaka mmoja na miezi miwili tangu ipate uhuru ikaamka ikiwa imekatwa, katikati ya bara, bila bahari, na migodi ya shaba inayohitaji mafuta kila siku.

Unajua walifanya nini? Mafuta yakapakiwa kwenye mapipa na kubebwa kwa ndege. Uingereza, Canada na Marekani zilitoa ndege, zikaruka miezi na miezi. Hebu fikiria hesabu ya kusafirisha mafuta na ndege ambayo yenyewe inakunywa mafuta. Hakuna biashara hapo, hapo ni kuokoa maisha tu. Petroli ikagawiwa kwa mgao. Barabara ya kutoka Dar es Salaam ikajaa malori, sehemu kubwa ikiwa ni vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa mvua. Ajali zilikuwa nyingi kiasi kwamba iliitwa njia ya jehanamu.

Lakini Kaunda na Nyerere hawakuishia hapo. Kufikia 1968, bomba la TAZAMA lilikuwa limekamilika: kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola. Soma hiyo tena. Karibu mara nne ya bomba letu la Nairobi, na lilikamilika miaka kumi kabla ya letu. Kisha ikafuata reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China na kukamilika miaka ya sabini.

Rhodesia ilidhani imeshika koo. Kumbe ilikuwa inampa mteja wake sababu ya kuondoka. Bomba la TAZAMA lingali linafanya kazi. Mwaka wa 2023 liligeuzwa likaanza kubeba dizeli. Ian Smith alishaenda kitambo. Njia iliyozaliwa kwa sababu yake iko.

Kampala, 1976

Sasa turudi nyumbani, na hapa ndio tunaanza kujiona kwenye kioo.

Februari 1976 Idi Amin alitangaza kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya kihistoria ni ya Uganda. Wakenya walikasirika, na walikuwa na haki. Julai mwaka huo huo makomando wa Israeli wakavamia Entebbe kuokoa mateka, na ndege zao zikajaza mafuta Nairobi. Amin akawageukia Wakenya waliokuwa Uganda, na wengi wakauawa.

Kenya ilijibu kwa kitu ilichokuwa nacho: njia. Mafuta ya kwenda Uganda yalizuiwa na serikali ikadai malipo kwa pesa za Kenya. Bila bandari na bila njia nyingine ya maana, Uganda iliishiwa haraka. Mwezi uliofuata pande hizo mbili zilikubaliana na mambo yakatulia.

Najua utaniambia: si ilifanya kazi? Ndiyo, ilifanya kazi. Amin alikuwa akitishia kuchukua ardhi yetu na watu wetu walikuwa wanauawa, na mimi siwezi kukaa hapa leo niseme Mzee Kenyatta angefanya vingine. Lakini angalia kilichobaki baada ya hapo. Amin aliondolewa 1979. Somo halikuondoka naye. Serikali zilizofuata Kampala ziliendelea kujua kwamba Nairobi ikitaka, magari yao yanasimama.

Miaka ya themanini mapema Uganda ikanunua feri tatu za kubeba mabehewa ya treni: Kabalega, Pamba na Kaawa. Kazi yao ilikuwa kuvuka Ziwa Victoria, na si kuja Kisumu pekee. Zilienda pia Mwanza, ambako mizigo inapanda reli kwenda Dar es Salaam. Hiyo ndiyo njia ya pili. Ni ndefu, ni ya polepole, inagharimu zaidi, lakini haipiti Nairobi.

Na hapa kuna funzo la upande wa pili, kwa sababu sitaki kuchora majirani kama malaika wa mipango. Njia ya pili lazima ilishwe. Mwaka wa 2005 Kaawa na Kabalega ziligongana ziwani na Kabalega ikazama. Zile mbili zilizobaki zikaondolewa majini kwa sababu za usalama. Njia ya pili ikafa kimyakimya, na kwa sababu ya kwanza ilikuwa inafanya kazi, hakuna aliyeona ni dharura.

Miaka miwili na kidogo baadaye, ya kwanza ikafungwa.

Januari 2008

Hii sitaki kuisimulia sana kwa sababu wengi wetu tulikuwepo, hata kama tulikuwa wadogo. Tunaikumbuka kama yetu: Kiambaa, Naivasha, Kisumu, Kibera. Na ni yetu. Watu zaidi ya elfu moja walikufa.

Lakini kuna upande ambao hatuusimulii. Reli iling'olewa Kibera. Barabara ya kutoka Nakuru kwenda Eldoret ilikuwa na vizuizi vya mawe na magogo. Malori ya mafuta yalisimama, na yaliyotembea yalitembea kwa msafara wakisindikizwa na polisi. Ndani ya siku chache Kampala kulikuwa na foleni za magari kwenye vituo vya mafuta. Rwanda nayo ikaanza mgao. Bei zikaruka. Uganda ilikuwa na matangi ya akiba Jinja, lakini hayakuziba pengo.

Tofauti na 1976, hakuna rais wa Kenya aliyeamuru bomba lifungwe. Sisi tulipigana tu, na jirani akakosa mafuta. Kwa mtu aliyepanga foleni Kampala, tofauti hiyo haina maana yoyote. Kwake, njia ya Kenya imefungwa tena.

Na kuna mradi mmoja ungepunguza hayo maumivu: kurefusha bomba kutoka Eldoret hadi Kampala. Ulizungumzwa tangu miaka ya tisini. Kampuni ya Libya, Tamoil, ikapewa kazi. Mwaka wa 2011 Gaddafi akaanguka, na mradi ukafia mikononi mwa watu. Ona sasa: bomba la Eldoret lilikwama kwa sababu ya vita vya Tripoli. Ndio maana nasema hakuna anayeweza kutabiri pete itakayokatika.

Tanga, 2016

Uganda iligundua mafuta yake yenyewe 2006, upande wa Ziwa Albert. Mafuta hayo yanahitaji kufika baharini, na kwa muda sisi tulikuwa na uhakika kwamba bahari hiyo itakuwa yetu. Agosti 2015 marais Kenyatta na Museveni walikubaliana kuhusu njia ya kupitia Lokichar hadi Lamu. Uganda iliweka masharti: usalama, gharama na pesa za kujengea.

Aprili 2016 Uganda ikachagua Tanga, Tanzania. Kilomita 1,443 kutoka Hoima.

Nairobi kulikuwa na mshangao. Watu walisema tumesalitiwa. Wengine walisema ni kampuni ya Total imewashawishi. Sababu zilizotolewa zilikuwa za kawaida: hofu ya Al-Shabaab kaskazini mashariki, bei ya ardhi Kenya, na gharama ya kupitisha kila pipa. Hizo ni sababu za kweli. Lakini mimi nasema hivi, na haya ni maoni yangu: ukiwa Kampala, na karibu kila lita ya mafuta unayoingiza tayari inapita Kenya, utataka pia kila pipa unalouza nje lipite Kenya? Baada ya 1976? Baada ya 2008? Mtu mwenye akili hawezi kuweka mlango wa kuingilia na wa kutokea kwenye nyumba ya jirani mmoja, hata kama huyo jirani ni mzuri.

Tuliuliza nani ametuibia bomba. Hatukuuliza sisi tulimwonyesha nini mteja kwa miaka arobaini.

Lokichar, 2018

Halafu zamu ikatufikia sisi wenyewe.

Mafuta ya Turkana yalitangazwa Machi 2012, kisima cha Ngamia 1. Bila bomba, serikali na kampuni ya Tullow waliamua kuanza na malori kama jaribio: kutoka Lokichar hadi Mombasa, kwenye matangi maalum kwa sababu mafuta yale yana nta na hugandamana yakipoa. Msafara wa kwanza uliondoka Juni 2018.

Mwezi huo huo wenyeji wakafunga barabara. Madai yao yalikuwa usalama, kazi, na sehemu yao ya mapato. Malori yalisimama hadi Agosti. Shehena ya kwanza, mapipa 200,000, iliondoka Mombasa Agosti 2019. Mwaka uliofuata jaribio likasimama.

Kwa wiki kadhaa serikali ya Kenya ilijua vile Kampala ilihisi. Mwenye njia alikuwa mwananchi wa Turkana, na hakuwa anafanya ukorofi. Alikuwa anasema: kinapita kwangu, na mimi sijaulizwa. Mnyororo ulikatika kwa sababu ya uaminifu uliokosekana. Chuma kilikuwa sawa, malori yalikuwa sawa.

Dola, 2023

Ya mwisho ni ya juzi. Mwanzoni mwa 2023 Kenya haikuwa na dola za kutosha. Kampuni za mafuta zilihitaji mamia ya mamilioni kila mwezi, na benki hazikuwa nazo. Machi serikali ikaingia mkataba na kampuni za Saudi Arabia na Falme za Kiarabu kuleta mafuta kwa mkopo wa miezi sita, badala ya ule mtindo wa zamani wa zabuni ya wazi na kulipa ndani ya siku chache.

Kwa shida ya dola, naelewa. Ilitupa pumzi. Haikutupa bei ya chini. Oktoba mwaka huo petroli Nairobi ilifika shilingi 217. Lakini jirani aliyepitisha mafuta yake kwetu alijikuta ndani ya mpango ambao hakuupanga, akinunua kupitia kampuni za Kenya zilizoteuliwa. Museveni alilalamika hadharani kwamba madalali wanawaongezea bei. Uganda ikataka shirika lake, UNOC, lilete mafuta moja kwa moja kwa ushirikiano na Vitol. Kenya ikakataa kutoa leseni. Desemba 2023 Uganda ikaenda Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha. Mwaka wa 2024 Kenya ikalegeza, na Julai UNOC ikaanza kuleta.

Bana, tulikubali mwishowe. Kwa nini basi tulimpeleka mteja wetu mkubwa mpaka mahakamani kwanza?

Kwa nini inakuhusu wewe

Huenda unasema, sawa, Waganda wapambane na hali yao. Ngoja.

Bomba, matangi na bandari vina gharama ambayo haipungui hata mafuta yakipungua. Mafuta ya majirani yanapopita, wanatusaidia kubeba huo mzigo. Wakiondoka, bomba ni lile lile, mishahara ni ile ile, na watakaolipa ni wewe na mimi kwenye pampu, tarehe 14. Halafu kuna dereva wa lori, taniboi wake, mama wa kibanda Salgaa, Burnt Forest na Malaba, fundi wa matairi. Hao wote wanakula kutokana na imani ya mtu aliyekaa Kampala na Kigali kwamba njia ya Kenya itakuwa wazi kesho.

Mombasa bado ni bandari ya karibu na Kampala kuliko Dar es Salaam. Jeti ya mafuta ya Kisumu, iliyokamilika 2018 na kukaa miaka bila kazi, hatimaye imeanza kupeleka mafuta Uganda kwa ziwa. Kurefusha bomba hadi Kampala na Kigali kunazungumzwa tena. Kwa hivyo hatujapoteza. Lakini jiografia inakupa mteja wa kwanza tu. Ya kumbakisha ni kazi yako.

Mimi ningetaka vitu vitatu. Moja, akiba ya kweli. Sheria ya Petroli ya 2019 inataja akiba ya kimkakati, lakini tunaishi kwa shehena za kampuni. Aprili 2022 tulipanga foleni nchi nzima kwa sababu serikali ilikuwa na deni la ruzuku kwa kampuni za mafuta. Hakukuwa na vita kwetu, hakukuwa na meli iliyozama. Mbili, majirani wakae mezani kabla mpango kubadilishwa, si baada. Na wenyeji wa Turkana vilevile.

Tatu ndiyo kubwa. Agosti 2027 tunaenda kwenye uchaguzi. Wagombea watatuahidi barabara, stima na bei ya unga. Ningependa mmoja aulizwe swali hili: kura zikileta fujo, barabara ya Nakuru hadi Malaba itabaki wazi vipi? Kampala na Kigali wameshaanza kujiuliza, hilo nina uhakika nalo. Sijasikia Nairobi ikijiuliza.

Kama uko na mzee nyumbani anayekumbuka foleni za 1976, ama ulikuwa kwenye msafara wa malori 2008, niandikie hapa chini. Hiyo historia iko kwenye vichwa vya watu, na tunaihitaji kabla ya Agosti.